Kona Inakula Kiasi Gani? Historia ya Kukokotoa Presha Inayopotea Kwenye Fitingi za Bomba

Roma, mwaka 97

Mwaka 97 Kaisari Nerva alimkabidhi Sextus Julius Frontinus usimamizi wa maji ya jiji la Roma. Frontinus alikuwa mtu mzima mwenye rekodi ndefu: amekuwa gavana wa Britania, amepigana vita, ameandika kitabu cha mbinu za kijeshi. Hakuwa mtu wa kudanganywa na makarani. Alipofungua daftari za ofisi yake mpya alikuta kwamba mifereji ya jiji ilihesabiwa kupokea kwinaria 12,755 za maji, huku kwinaria 14,018 zikiandikwa kuwa zimegawiwa. Jiji lilikuwa linagawa maji mengi kuliko liliyoyapokea.

Kiini cha tatizo kilikuwa kwinaria yenyewe. Ilikuwa kipimo cha mdomo wa bomba lenye kipenyo cha kidole kimoja na robo kwa vipimo vya Kirumi, kama sentimita 2.3. Mwenye mdomo mkubwa alihesabiwa maji mengi, mwenye mdomo mdogo akahesabiwa machache, na kasi ya maji haikuingia popote kwenye hesabu. Frontinus aliona kwamba mkondo wenye nguvu hutoa zaidi ya kipimo na mkondo mlegevu hutoa pungufu, na aliliandika hilo katika kitabu chake juu ya maji ya Roma. Hakuwa na njia ya kulitia katika tarakimu.

Alichokielewa vizuri ni wizi. Kila mteja aliyepewa maji alifungiwa mdomo wa shaba nyeusi, uliopigwa muhuri, na sheria ilitaka bomba linalofuata liwe na upana uleule kwa futi 50. Shaba nyeusi ilichaguliwa kwa sababu haitanuki kirahisi kama risasi. Basi mafundi waliokuwa wamehongwa waliuacha mdomo kama ulivyo, wenye muhuri wake halali, wakaunga bomba pana zaidi papo hapo nyuma yake. Maji yaliongezeka. Leo tunajua sababu: mdomo mfupi unaofungukia kwenye bomba pana unaweza kuyarudishia maji sehemu ya presha yaliyoitumia kujisukuma kwenye wembamba, kwa hiyo mdomo uleule unavuta zaidi. Wezi wa Roma walikuwa wamejua kwa mikono yao kwamba kiasi cha maji hakiamuliwi na upana wa bomba peke yake, bali pia na umbo la kile kinachounga bomba na bomba. Wasomi walichukua zaidi ya karne kumi na sita kufika hapo.

Sheria zisizojua hasara, 1628–1738

Benedetto Castelli, mtawa wa Italia aliyekuwa mwanafunzi wa Galileo, ndiye aliyeiingiza kasi kwenye hesabu mwaka 1628: zidisha eneo la njia kwa kasi ya maji, upate kiasi kinachopita. Mwaka 1644 Evangelista Torricelli alionyesha jinsi kasi ya maji yanayoruka kutoka tundu la tangi inavyofuata kimo cha maji yaliyo juu yake. Mwaka 1738 Daniel Bernoulli alichapisha huko Strasbourg kitabu chake Hydrodynamica, ambacho alikianza alipokuwa St. Petersburg, na humo akaunganisha kimo, presha na kasi katika kanuni moja. Kimoja kikipanda, kingine lazima kishuke.

Ilikuwa kanuni nzuri, na kwa mtu wa bomba ilikuwa haitoshi. Miaka sita kabla ya kitabu hicho, Pierre Couplet alikuwa ametoa mjini Paris vipimo vya maji katika mabomba marefu yaliyolisha bustani za Versailles. Maji halisi yalikuwa pungufu sana ya yale yaliyotabiriwa na nadharia. Bernoulli alichukulia kwamba hakuna kinachopotea njiani. Kwenye mabomba ya mfalme kulipotea kingi, na hakuna aliyeweza kusema ni kiasi gani kilikwenda kwenye ukuta wa bomba na kiasi gani kwenye kona.

Paris, 1766

Jean-Charles de Borda alizaliwa Dax mwaka 1733, akawa mhandisi wa jeshi, na baadaye alijulikana zaidi kama afisa wa majini na mmoja wa wanasayansi walioshughulikia kuzaliwa kwa mita. Mwaka 1766 aliwasilisha kwa Chuo cha Sayansi cha Paris andiko juu ya maji yanayotoka kwenye matundu ya vyombo. Ndani yake mna wazo ambalo wahandisi wanalitumia mpaka leo.

Chukua bomba jembamba linaloingia ghafla kwenye bomba pana. Maji yaliyo kwenye wembamba yanakwenda mbio. Yaliyo mbele, kwenye upana, yanakwenda polepole. Yale ya nyuma yanayagonga ya mbele. Borda aliona kwamba mgongano huo ni kama wa vitu laini visivyodunda: baada ya kugongana vinakwenda pamoja, na sehemu ya nguvu ya mwendo imekwisha bila kuzaa presha. Akatoa jibu safi. Kinachopotea ni tofauti ya kasi mbili, ikizidishwa kwa nafsi yake, ikagawanywa kwa mara mbili ya mvutano wa dunia. Jibu linatoka kama kimo cha maji. Bomba likiishia ndani ya tangi kubwa, kasi ya pili ni sifuri, na nguvu yote ya mwendo imepotea. Mwaka 1783 Lazare Carnot aliandika kwa upana juu ya nguvu inayopotea katika migongano ndani ya mashine, ndiyo maana fomula hiyo hubeba majina yao wawili.

Nadhani Borda hajapewa heshima inayomstahili. Katika habari nzima ya fitingi, yake ni mojawapo ya fomula chache sana zilizopatikana kwa kufikiri, zikathibitishwa na vipimo, zikabaki karibu kama zilivyozaliwa. Tena inaeleza zaidi ya bomba linalopanuka. Maji yanapopinda kwenye elbo kali yanaachana na ukuta wa ndani wa kona, yanabanwa upande wa nje, halafu yanatanuka tena kujaza bomba. Kwenye valvu iliyofunguliwa nusu ni hivyohivyo: kubanwa, kisha kutanuka. Karibu kila fitingi ina upanuzi wa Borda uliojificha ndani yake. Tatizo ni kwamba mhandisi haoni jinsi mkondo ulivyobanwa humo ndani, na bila upana huo fomula haina cha kushika.

Mwenzake Mfaransa Pierre Du Buat, naye mhandisi wa jeshi, alijaribu kuishughulikia kona yenyewe. Katika toleo la 1786 la kitabu chake cha hidroliki alitoa majaribio ya mabomba yaliyopindwa, akayaeleza kwa kudhani kwamba maji hudunda kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine, na hasara hutegemea idadi ya midundo na pembe yake. Maji hayadundi hivyo. Du Buat aliamini pia kwamba ukwaru wa ukuta wa bomba hauna athari, kwa kuwa maji yaliyogandamana na ukuta huufunika, na maji mengine hupita juu yake. Imani hiyo iliishi katika vitabu kwa zaidi ya nusu karne, na ilitoka kwa mtu aliyepima kwa bidii kuliko wote wa zama zake.

Freiberg, miaka ya 1840

Aliyeifanya fitingi kuwa jambo la kuhesabiwa alikuwa mwalimu wa chuo cha migodi. Julius Weisbach alizaliwa mwaka 1806 katika milima ya Saxony, akasoma Freiberg, Göttingen na Vienna, kisha akarudi kufundisha Freiberg, mji uliokuwa umechimba fedha kwa karne nyingi. Katika migodi ile maji yalikuwa adui na mtumishi. Yalipaswa kuvutwa kutoka chini, na hapohapo yalitumika kuendesha injini zilizosukumwa kwa uzito wa safu ya maji. Katika injini ya namna hiyo bomba si refu sana, lakini kona na valvu ni nyingi. Mhandisi aliyejua msuguano wa bomba peke yake alikuwa hajui hata nusu ya hasara yake.

Weisbach hakutafuta nadharia ya kona. Alichagua namna ya kuandika. Kila hasara, alisema, iandikwe kama kizidishi fulani kikizidishwa kwa kimo cha kasi, yaani kasi kwa nafsi yake ikigawanywa kwa mara mbili ya mvutano wa dunia. Bomba lililonyooka lina kizidishi chake, kinachokua kadiri bomba linavyorefuka na kupungua kadiri linavyopanuka. Elbo ina kizidishi chake. Valvu ina chake. Ukishavipata vyote unavijumlisha.

Ili kuona uzito wake, tuchukue maji yanayokwenda kwa mita 2 kwa sekunde. Kimo cha kasi ni kama sentimita 20. Kwenye kona kali ya digrii 90 isiyo na mviringo Weisbach alipata kizidishi cha 0.984, kwa hiyo kona moja inakula karibu sentimita 20 za kimo cha maji. Kasi ikifika mita 4 kwa sekunde, kona ileile inakula karibu sentimita 80, maana hasara inafuata kasi kwa kipeo cha pili.

Vipimo vyake vya valvu ya geti ndivyo vinavyonivutia zaidi. Ikifungwa robo, kizidishi ni 0.26, kitu kisichoonekana. Ikifungwa nusu ni 2.06. Robo tatu, 17. Ikifungwa sehemu saba kati ya nane, 97.8. Kila aliyewahi kupunguza maji kwa valvu ya aina hiyo anaijua tabia hii bila kuisoma: unazungusha, unazungusha, maji ni yaleyale, halafu kwenye mizunguko ya mwisho yanakatika ghafla. Weisbach alikuwa ameitia katika jedwali, na jedwali hilo limenakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu kwa zaidi ya karne moja na nusu. Wengi wa walionakili waliacha kutaja jina lake, na wengi zaidi waliacha kutaja kwamba namba zile zilitoka kwenye vifaa vidogo vya maabara ya Freiberg.

Kitabu chake kikuu cha mekanika kilianza kutoka mwaka 1845, na baada ya miaka michache kilikuwa kimetafsiriwa kwa Kiingereza. Mwaka 1855 akatoa kingine, Die Experimental-Hydraulik, cha kuwaongoza wengine kurudia majaribio. Alifariki mwaka 1871.

Dijon na Chaillot

Jina linaloandamana na la Weisbach katika fomula ya msuguano ni la Henry Darcy, mzaliwa wa Dijon, aliyeuletea mji wake maji ya chemchemi ya Rosoir mwaka 1840 kwa mfereji wa kilomita zaidi ya 12, na akakataa malipo ya kazi hiyo. Baadaye, kwenye mitambo ya maji ya Chaillot mjini Paris, alipima mabomba ya aina na umri mbalimbali, kuanzia yenye kipenyo cha milimita 12 hadi 500. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1857 yalizika imani ya Du Buat. Ukuta una athari: bomba la chuma lililokaa miaka na kuota kutu hupitisha maji machache kuliko jipya.

Darcy alishughulika na bomba lililonyooka, na hapo ndipo njia zilipoachana. Kwa miaka themanini iliyofuata vichwa vilivyo bora katika fani hii vilikwenda kwenye bomba lililonyooka. Sababu yake ilikuwa ya haki. Miji ilikuwa inajenga njia ndefu, na kwenye njia ndefu fitingi hazina uzito: katika bomba linaloshusha maji ya chemchemi za Mzima hadi Mombasa, lililokamilika miaka ya 1950 na lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200, hasara ya kona zote ni kitu kidogo mbele ya msuguano. Ndani ya jengo, kwenye chumba cha pampu, au kwenye meli, mambo yamepinduka.

Nashua na Detroit, 1892–1902

Walioumia na fitingi Marekani walikuwa watu wa bima ya moto. Viwanda vya nguo vya New England viliwaka mara kwa mara, na kinga yao ilikuwa mabomba ya vinyunyizio darini, yaliyojaa kona na matawi. Maji yasipofika kwa presha ya kutosha kwenye kinyunyizio cha mwisho, kiwanda kinateketea na bima inalipa. John R. Freeman alikuwa mhandisi wa makampuni ya bima ya viwanda hivyo. Kuanzia mwezi wa Juni hadi Oktoba 1892, huko Nashua, New Hampshire, aliendesha mfululizo mkubwa wa majaribio ya mabomba na fitingi zilezile zilizokuwa zikiuzwa madukani.

Kisha matokeo yakakaa. Freeman alikwea vyeo, akawa rais wa chama cha wahandisi mitambo cha Marekani na baadaye wa kile cha wahandisi ujenzi, akashauri juu ya mifereji na mabwawa katika nchi kadhaa, na karatasi za Nashua hazikuchapishwa hadi mwaka 1941, miaka tisa baada ya kifo chake. Mtu anaweza kumlaumu. Hata hivyo fidia yake ilikuwa kubwa: miaka ya 1920 alitoa fedha za kuwapeleka wahandisi vijana wa Kimarekani kusoma katika maabara za maji za Ulaya, hasa Ujerumani, na hapo alifungua njia tutakayoirudia hivi karibuni.

Huko Detroit, mwaka 1902, Gardner Williams na wenzake wawili walitoa vipimo vya kona za mabomba makubwa ya jiji, na wakazua ubishi. Akili ya kawaida inasema kona inayopinda taratibu ni bora kuliko inayopinda kwa haraka. Wao walisema kona yenye nusu kipenyo cha mpindo sawa na kipenyo cha bomba mara mbili na nusu hivi hula kidogo kuliko iliyo pana zaidi. Kona pana ni ndefu. Maji hukaa ndani yake kwa muda mrefu yakijisokota. Msokoto huo wenyewe ulikuwa umeelezwa mwaka 1876 na James Thomson, ndugu yake Lord Kelvin, alipochunguza kona za mito: maji ya juu huenda nje, ya chini hurudi ndani. Wapinzani walikuwa wengi, lakini majedwali yanayotumika leo yako upande wa Detroit.

Mchanga wa Göttingen, 1883–1944

Hapa nitakwenda haraka, kwa sababu hadithi ya bomba lililonyooka inajulikana zaidi. Mwaka 1883 Osborne Reynolds, mjini Manchester, alitia uzi wa rangi kwenye maji ndani ya bomba la kioo, akaona mtiririko tulivu ukigeuka kuwa wa vurugu, na akatoa namba inayotabiri badiliko hilo kwa kulinganisha kasi, kipenyo na mnato. Mwaka 1933 Johann Nikuradse, Mgeorgia aliyefanya kazi chini ya Ludwig Prandtl huko Göttingen, alitangaza matokeo ya mabomba aliyoyabandika ndani chembe za mchanga za ukubwa uliopimwa. Mwaka 1939 Cyril Colebrook, mjini London, aliunganisha bomba laini na bomba la kukwaruza katika fomula moja. Mwaka 1944 Lewis Moody wa Princeton aliichora fomula hiyo katika mchoro ambao bado unabandikwa ukutani. Msuguano ulikuwa umepata nadharia, fomula na picha yake.

Fitingi haikupata hata kimoja, na hilo halikutokana na uzembe. Bomba lililonyooka linaelezwa kwa vitu viwili: namba ya Reynolds na ukwaru. Elbo inahitaji pembe, mpindo, ukali wa ukingo wa ndani, namna ilivyofungwa, na hali ya maji yanayoingia. Tii inahitaji zaidi: mgawanyo wa maji kati ya njia tatu.

Tii ndiyo iliyowashughulisha watu wa München. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Dieter Thoma, mkuu wa taasisi ya hidroliki katika chuo cha ufundi cha mji huo, aliwapa wanafunzi wake fitingi moja moja. Vogel, Petermann na Kinne walipima matawi. Hofmann akapima kona. Bomba lao lilikuwa la milimita 43, na kazi yao ilikuwa ya umakini wa hali ya juu. Waligundua jambo linalomshangaza kila anayekutana nalo mara ya kwanza: kwenye tii ambako njia mbili zinaungana, kizidishi cha tawi kinaweza kuwa hasi. Maji ya tawi yanatoka yakiwa na nguvu zaidi ya yalivyoingia. Hayajaumba nguvu, yameikopa kutoka kwa mkondo wa kasi wa bomba kuu, ambao umelipa kwa hasara yake wenyewe. Anayejumlisha fitingi moja moja bila kuangalia jirani yake hawezi kuliona hilo. Mwaka 1935 chama cha wahandisi mitambo cha Marekani kilitoa kazi za München kwa Kiingereza, katika zama ambazo vijana waliosomeshwa kwa fedha za Freeman walikuwa wamekwisha rudi nyumbani wakizijua maabara za Wajerumani.

Chicago: kitabu cha muuza valvu, 1935–1976

Kiwandani hakuna muda wa kusoma tasnifu za München. Mtu anataka namba. Dean Foster alikuwa ameonyesha njia ya mkato mwaka 1920: badala ya kizidishi, sema fitingi inakula sawa na bomba lililonyooka la urefu fulani, unaohesabiwa kwa vipenyo. Njia hiyo ilipendwa upesi kwa sababu unaongeza urefu wa uongo kwenye urefu wa kweli, kisha unapiga hesabu moja tu.

Kampuni ya Crane ya Chicago, iliyoanzishwa mwaka 1855 na iliyouza valvu na fitingi za kila aina, ilianza mwaka 1935 kutoa kitabu cha kuwasaidia wateja wake kukokotoa mtiririko. Kilifuatiwa na toleo la 1942, na mwaka 1957 kikatoka kile kilichoenea duniani kote, Technical Paper 410. Katika matoleo yake ya baadaye elbo ya kawaida ya digrii 90 ni vipenyo 30. Tii ikipitwa moja kwa moja ni 20, ikipitwa kwa tawi ni 60. Valvu ya geti iliyo wazi kabisa ni 8, na valvu ya globu, ambayo huyalazimisha maji kupanda na kushuka ndani ya tumbo lake, ni 340. Kona zilizopindwa zimo pia: yenye mpindo wa vipenyo viwili au vitatu ni 12, na yenye mpindo wa vipenyo kumi ni 30, sawa kabisa na elbo fupi. Watu wa Detroit walikuwa sahihi.

Tuzitie namba hizo ndani ya nyumba. Bomba la milimita 20 kutoka tangi hadi bafuni lina urefu wa mita 5 na elbo nane. Kila elbo ni vipenyo 30, yaani sentimita 60. Nane ni mita 4.8. Kona zimekula karibu sawa na bomba lote. Ongeza valvu moja ya globu, na hiyo peke yake ni mita 6.8. Fundi anayeambiwa presha bafuni ni ndogo, akabadilisha bomba na kuiacha valvu, amefanya kazi ndogo kwa gharama kubwa.

Mwaka 1976 Crane walibadilisha msingi wa hesabu. Zamani urefu wa vipenyo ulizidishwa kwa msuguano wa bomba husika, na matokeo yakawa ya ajabu: bomba likiota kutu, elbo nayo inahesabiwa kuwa mbaya zaidi, ingawa umbo lake ni lilelile. Toleo jipya liliufunga msuguano huo kwenye thamani moja kwa kila ukubwa wa bomba safi lenye vurugu kamili. Kwa bomba la inchi mbili thamani hiyo ni 0.019, na elbo inatoka 0.57, kizidishi cha Weisbach kikiwa kimerudi kwa mlango wa nyuma.

Moscow na Cranfield

Upande wa pili wa dunia iliyogawanyika, I. E. Idelchik alikusanya kile ambacho hakuna kampuni ingekusanya. Kitabu chake cha ukinzani wa hidroliki kilitoka kwa Kirusi mwaka 1960, na mwaka 1966 kikatafsiriwa huko Israeli kwa ajili ya tume ya nishati ya atomu ya Marekani. Ni kurasa mia kadhaa za michoro na majedwali: kona za mraba, matawi ya pembe zote, nyavu, vichujio, matundu ya kuta, mifereji ya hewa. Wahandisi wa pande zote mbili za Vita Baridi walikifungua, kila mmoja kwa lugha yake.

Uingereza, D. S. Miller wa kituo cha utafiti wa hidroliki cha Cranfield alitoa kitabu mwaka 1971, akakipanua mwaka 1978, na akaligusa lile ambalo majedwali yalikuwa yanalikwepa: fitingi zilizokaa karibukaribu. Vurugu ya elbo haiishi kwenye mdomo wake. Inaendelea vipenyo vingi mbele. Elbo ya pili ikiwekwa kabla vurugu haijatulia, hasara ya zote mbili si mara mbili ya moja. Inaweza kuwa pungufu au kuzidi, kutegemea umbali na upande ambao ya pili inapindia.

1981: mafuta mazito na bomba dogo

Karibu majedwali yote hayo yalikuwa na siri moja. Yalipimwa kwa maji yaendayo kasi, au hewa, mahali ambapo vurugu imekamilika na kizidishi kimetulia. Viwanda vya kemikali husukuma pia mafuta mazito, rojo na asali za kila namna, na humo mtiririko ni tulivu. Mwaka 1981 William Hooper, mhandisi wa kampuni ya Monsanto, alichapisha njia ya namba mbili: moja hugawanywa kwa namba ya Reynolds, nyingine hurekebishwa kwa ukubwa wa bomba. Kwa elbo ya kawaida ya skrubu namba hizo ni 800 na 0.40.

Kwa maji, namba ya Reynolds ikiwa 100,000, ile 800 haionekani kabisa, na elbo ya inchi moja inatoka 0.8. Kwa rojo zito lenye namba ya Reynolds ya 50, ile 800 inaleta 16 peke yake. Mhandisi aliyenakili 0.8 kutoka jedwali la maji amekosea mara ishirini, na pampu yake haitasukuma. Mwaka 1999 Ron Darby wa Texas A&M akaongeza namba ya tatu ili ukubwa wa bomba uingie vizuri zaidi.

Leo

Programu ya EPANET, iliyotolewa bure na shirika la mazingira la Marekani mwaka 1993 na inayotumiwa na wahandisi wa maji hata hapa Afrika Mashariki, ina kisanduku cha kizidishi cha fitingi kwa kila bomba. Wengi hukiacha kwenye sifuri. Kwa mtandao wa mji hilo linasameheka. Kwa chumba cha pampu halisameheki. Kompyuta zenye nguvu zaidi zinaweza kuchora mkondo ndani ya elbo chembe kwa chembe, na bado matokeo yake hukaguliwa kwa kulinganishwa na vipimo vya maabara, vikiwemo vile vya bomba la milimita 43 la München.

Wakati huohuo fitingi yenyewe imebadilika. Katika majengo mengi ya Dar es Salaam na Nairobi, chuma chenye skrubu kimepisha plastiki ya PPR inayounganishwa kwa moto. Ukuta wake ni laini na hauoti kutu, kwa hiyo msuguano umeshuka, na sehemu ya hasara inayobebwa na fitingi imepanda. Fundi akiichoma kwa muda mrefu kupita kiasi, plastiki iliyoyeyuka hujikunja kwa ndani na kufanya pete inayobana njia ya maji. Pete hiyo ni ule mkondo uliobanwa na kutanuka wa Borda. Upana wake unategemea sekunde ambazo fundi ameliacha bomba kwenye mashine, na jedwali la mtengenezaji limepima kiungo kilichochomwa sawasawa.